Tembo wa vita mezani: DBA imemtendea haki tembo, imemsahau mpiga upinde

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo mezani nina tembo wawili wa kuchezea, sanamu za wapiga upinde za milimita 15, na kitabu hiki hapa cha sheria za mchezo wa mezani wa vita vya kale: De Bellis Antiquitatis, wengi tunakiita DBA. Mwandishi ni Phil Barker. Toleo la kwanza lilitoka 1990. Hili nililoshika ni la tatu, la 2014.

Kwa mgeni, kwa kifupi: kila mchezaji ana vikosi 12, meza ya mraba ya sentimita 60 kwa 60 inatosha, na saa moja haiishi mmeshamalizana. Kila zamu unarusha dadu, na namba inayotoka ndiyo idadi ya amri ulizo nazo. Tembo anakula amri nyingi kuliko askari wa kawaida. Hapo sina ubishi. Mnyama yule haendi kwa filimbi.

Sasa tazameni hapa karibu. Tembo wangu amewavamia wapiga upinde. Tembo akipigana na watu wa miguu ana alama 5. Upinde dhidi ya mnyama ana 4. Kila mmoja anarusha dadu moja, anajumlisha. Narusha... upinde amepata 6, jumla 10. Tembo amepata 2, jumla 7. Tembo kashindwa, ila hajashindwa kwa maradufu, kwa hiyo hafi. Anarudi nyuma. Na nyuma yake, mnaona, nimepanga watu wangu wenye mikuki mirefu. Wamekwisha! Tembo anayerudi nyuma anamponda anayemkuta, awe adui au wa kwake.

Sheria hii ndiyo iliyonifanya nikipende kitabu hiki, kwa sababu si ya kubuni. Vita vya Raphia, 217 KK, Ptolemaio wa Nne, mfalme wa Misri, alikuwa na tembo 73, na adui yake Antioko wa Tatu, mfalme wa Waseleuko, alikuwa na 102 kutoka India. Tembo wa Ptolemaio walikuwa wa Afrika, wa kuwindwa huku kwetu, pande za Bahari ya Shamu ambako leo ni Sudan na Eritrea. Wengi waliogopa wale wa India, wakageuka, wakawasukuma walinzi wa mfalme wao wenyewe. Vita Ptolemaio alishinda, lakini kwa askari wa miguu.

Haya, lawama yangu. Ngome ya mpiga upinde iko wapi? Vita vya Agincourt, Ufaransa, 1415, kila mpiga upinde wa Kiingereza aliagizwa abebe kigingi kilichochongwa ncha mbili. Kwa tembo kuna mfano mzuri zaidi: vita vya Gaza, 312 KK. Jemadari Demetrio alikuja na tembo 43. Ptolemaio wa Kwanza, mtawala wa Misri, na mshirika wake Seleuko wakatandaza mbele yao miba ya chuma iliyofungwa kwa minyororo, na nyuma ya miba wakaweka wapiga upinde na warusha mikuki. Nyayo za tembo ni laini, jamani. Walikwama pale, waendeshaji wakatunguliwa mmoja mmoja, tembo wakatekwa.

Kwenye DBA mambo hayo yote yamemezwa na ile alama 4. Umekaa tayari nyuma ya vigingi tangu asubuhi, au umekutwa uwanja mtupu unafunga kamba za viatu, ni 4 tu. Wauaji wa tembo kwenye sheria hizi ni askari wepesi, ambao wakimshinda kidogo tu anaondolewa mezani. Sawa, wepesi walimuua kweli. Lakini Gaza walimweza akiwa ameshanaswa.

Ninunue au nisinunue? Nunua. Ila soma sentensi mara mbili mbili, zimebanwa kama dagaa kwenye kopo. Halafu ongeza sheria yangu ya nyumbani: kikosi cha upinde ambacho hakijasogea tangu mchezo uanze kinawekewa mbele kipande cha kadibodi kilichochomekwa vijiti vya meno. Tembo akikivamia kwa mbele na kushindwa, anaondoka mezani. Akija ubavuni, vijiti havina kazi.

Nimeijaribu mara tatu. Mara mbili tembo walinasa. Ya tatu mpinzani wangu alizunguka kupitia kilimani, akanifagia wapiga upinde wote na vijiti vyangu vikabaki vinaangalia upande usio na mtu. Subirini nisogeze kamera, anakuja sasa hivi tucheze ya nne.