Congress.gov: ukitaka kujua ushuru wa paneli umeishia wapi

Nyota nne kati ya tano.

Sisi mafundi wa sola huku Texas, mwaka 2023 bei ya paneli ilikuwa mikononi mwa wakubwa wa Washington. Bosi hakutaka kuagiza mzigo mpya, na kila mtu kazini alikuwa na lake la kusema. Nikaachana na porojo, nikaingia Congress.gov, tovuti ya bure ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kisa chenyewe: Juni 2022 Rais Biden alisamehe kwa miezi 24 ushuru mpya wa paneli kutoka Kambodia, Malaysia, Thailand na Vietnam, huku Wizara ya Biashara ikiwa bado inachunguza kama mali ya China inapitishwa huko kukwepa ushuru. Wabunge wakaleta azimio la kuufuta msamaha huo, namba yake H.J.Res. 39.

Fungua ukurasa wa azimio, nenda kwenye orodha ya hatua. Utamu uko hapo. Aprili 28, 2023, Baraza la Wawakilishi: 221 kwa 202. Mei 3, Seneti: 56 kwa 41. Miswada mingi ingekwama Seneti kwa kura 56, kwa sababu kwa kawaida hutakiwa 60 kufunga mjadala, ila azimio la namna hii halihitaji hizo 60. Mei 16 Rais akalipiga kura ya turufu. Mei 24 Baraza likajaribu kuivunja: 214 kwa 205, theluthi mbili haikutimia. Mara zote tatu waliopinga msamaha walikuwa wengi, na bado Rais akabaki na lake! Bosi nilimwonyesha mistari hiyo kwenye simu, akaagiza.

Ukibonyeza namba ya kura unapelekwa kwenye orodha ya majina, umwone mbunge wako alikaa upande gani. Mimi wangu nilimwona, nikanyamaza.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya utafutaji. Jina rasmi la azimio ni refu kama treni ya mizigo, na neno sola halimo kabisa. Limejaa taratibu za forodha na namba ya tangazo la Rais. Muhtasari upo, ila ni mkavu, na wote ni Kiingereza cha wanasheria. Kwa hiyo tafuta kwa namba, na uchague Bunge la 118 (la 2023 na 2024), maana namba za maazimio huanza upya kila baada ya miaka miwili. Ukifungua akaunti, taarifa za hatua mpya zinakuja kwa barua pepe.