Kifurushi cha wakala wa juko: lipia video, mengine fanya mwenyewe

Kifurushi kinachouzwa kwa vijana wa kikapu wanaotaka chuo cha miaka miwili Marekani, maarufu kama juko, huwa na vitu vitano: wasifu mtandaoni, video, barua pepe kwa makocha wengi kwa mkupuo, nafasi kwenye kambi ya majaribio, na "msaada wa viza". Mawakala hawafanani, ila kifurushi chenyewe hakibadiliki sana. Kizima tunakipa alama mbili kati ya tano, na moja na nusu kati ya hizo ni za video.

Kwanza bidhaa yenyewe, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Vyuo vingi vya aina hii viko chini ya NJCAA, chama cha michezo cha vyuo hivyo kilichoanza 1938, chenye madaraja matatu. Daraja la 1 linaruhusiwa kumlipia mchezaji ada, vitabu, malazi, chakula, hata nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka wa masomo. Daraja la 2 linaishia kwenye ada, vitabu na vifaa vya masomo. Kitanda na chakula ni juu yako. Daraja la 3 halitoi ufadhili wa michezo kabisa. California ina chama chake, CCCAA, na vyuo vyake navyo havitoi ufadhili wa michezo, hata kama kipeperushi kina picha ya minazi na bahari. Wakala anayesema "ufadhili kamili" bila kutaja daraja hajasema kitu. Halafu kuruhusiwa si kulazimishwa: chuo cha daraja la 1 kinaweza kukupa ada peke yake.

Video ndiyo yenye thamani, ikitengenezwa na mtu anayejua kocha anatazama nini. Dakika tatu hadi nne zinatosha. Ukurasa wa mwanzo uwe na jina, nafasi, urefu bila viatu, mwaka wa kumaliza sekondari na mawasiliano. Vipande vitano vya kwanza viwe bora kuliko vyote, kwa sababu kocha asipovutiwa hapo haendelei. Kila kipande kianze kwa alama inayoonyesha wewe ni yupi kabla mpira haujakufikia. Weka ulinzi, ribaundi na kukimbia kurudi nyuma, si danki tupu. Muziki hauna kazi. Chini ya video weka viungo vya mechi mbili nzima zisizokatwa, kwani kocha aliyependa vipande ataomba mechi siku hiyohiyo. Anataka kuona unafanya nini ukikosa mtupo. Simu iliyolazwa kwa upana, ikiwa juu jukwaani usawa wa mstari wa kati, inarekodi vizuri kuliko kamera ghali iliyokaa chini nyuma ya ubao. Kosa tunalolikuta mara kwa mara kwenye video za mawakala ni urefu kuongezwa inchi mbili. Siku ya kufika chuoni utasimama karibu na mlango, na milango haidanganyi.

Wasifu mtandaoni hauna ubaya, lakini ukurasa wa kujitengenezea bure unafanya kazi ileile. Barua pepe za mkupuo ndizo hasara tupu. Kocha wa juko hupokea ujumbe wa aina hiyo kila siku, na anaujua kwa salamu yake isiyo na jina. Hali imekuwa ngumu zaidi tangu 2021, wachezaji wa NCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka minne, waliporuhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu mmoja: vyuo vikubwa vinachukua waliokomaa, na vijana wa sekondari waliokuwa waende huko wanashuka juko. Kocha ana wa kuchagua.

Kinachojibiwa ni hesabu ya kikosi, na hakuna wakala anayeifanya kwa ajili yako. Fungua kikosi cha chuo kwenye tovuti yake. Hesabu wachezaji wa nafasi yako walio mwaka wa pili, hao wanaondoka. Kikosi chenye masenta watatu wa mwaka wa kwanza hakihitaji senta wa nne, hata awe na kimo cha Hasheem Thabeet. Chagua vyuo thelathini au arobaini vyenye pengo la kweli, umwandikie kocha msaidizi kwa jina lake, mistari sita: nafasi, kimo, mwaka wa kumaliza, alama za darasani, kiungo cha video, na kwamba utahitaji fomu ya I-20, ile ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni ili aombe viza. Kiungo, si faili la kupakua. Machi hadi Juni ndiyo miezi yenye majibu mengi, kocha akishajua nani anabaki. Mpigie pia: saa nne asubuhi Kansas wakati huo wa mwaka ni saa kumi na mbili jioni Dar na Nairobi.

Kambi ya majaribio tungeilipia kwa sharti moja tu, kupewa mapema majina ya vyuo vitakavyotuma makocha, kisha kuvipigia vyuo hivyo kuuliza.

Darasa ndilo sehemu ambayo vifurushi huiruka, nalo ndilo linaloamua unatokaje juko. Cheti cha CSEE, KCSE au Diplôme d'État ya Kongo lazima kigeuzwe kuwa alama za Kimarekani na kampuni inayokubaliwa na chuo. WES ni mojawapo. Cheti cha Kifaransa kinahitaji kwanza tafsiri rasmi ya Kiingereza. Hii ni gharama ya halali, ilipe. Kisha angalia mbele. Asiyekidhi masharti ya NCAA akitoka sekondari, ili aende daraja la 1 la NCAA lazima asome juko mihula mitatu kamili, ahitimu, awe na wastani wa alama (GPA) wa 2.5, na krediti 48 zinazohamishika, yaani vipimo vya masomo ambavyo chuo kipya kitavikubali, zikiwemo 6 za Kiingereza, 3 za hisabati na 3 za sayansi. Wengi hukwama kwa sababu mwaka wa kwanza walijaziwa masomo ya maandalizi ya Kiingereza na ya mazoezi ya viungo ili wasifeli. Masomo ya maandalizi hayahamishiki, na ya viungo huhesabiwa krediti 2 tu. Muulize kocha akutumie ratiba ya masomo ya muhula wa kwanza kabla hujasaini. Jimmy Butler, nyota wa NBA, alipita juko ya Tyler, Texas, kisha chuo kikuu cha Marquette, ila alipita na krediti zake.

Kwa familia zilizoko tayari Marekani mambo ni tofauti. Mwenye uraia, kadi ya kijani au hadhi ya ukimbizi anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, na kupata Pell, ruzuku isiyorudishwa, ambayo kiwango chake cha juu kwa 2025–26 ni dola 7,395. Liandike hilo kwenye barua kwa kocha, maana mchezaji anayekuja na Pell anampunguzia bajeti.

Viza: ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi wa kigeni, kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 ni dola 350, na ombi la viza dola 185. Ada ya SEVIS hulipwa kwa namba iliyoandikwa kwenye I-20. Kwa hiyo wakala anayekudai "hela ya SEVIS" kabla chuo hakijakutumia I-20 anakuibia, wala hakuna tafsiri nyingine. I-20 huonyesha pia kiasi ambacho ufadhili haukukigusa, bima ya afya ikiwemo mara nyingi, na ubalozini utaulizwa fedha hiyo iko wapi. Mwaka 2025 Marekani iliziwekea baadhi ya nchi, Burundi ikiwemo, vizuizi vinavyogusa hata F-1. Soma tangazo la ubalozi wa nchi yako kabla ya kulipa shilingi yoyote.

Karatasi ya mwisho ni barua ya NJCAA ya kusaini, ambayo ni ya mwaka mmoja wa masomo, si miwili. Ndani yake kuna sehemu za ada, vitabu, malazi na chakula. Iliyo tupu ina maana hulipiwi, hata kama kocha ameahidi kwa simu. Mrudishie aijaze kwanza.