Kwa Hela Hiyo Ulitegemea Nini?

Maneno hayo niliambiwa dukani Kariakoo, mbele ya wateja wanne au watano, na kijana ambaye majuma machache kabla yake alikuwa ameniamkia shikamoo, akanivutia kiti na kuniita mzee wangu. Nilikuwa nimemrudishia hedifoni aliyoniuzia kwa shilingi 180,000, ambayo upande wake wa kulia ulikuwa umekufa. Hakuitika salamu yangu, wala hakuigusa hedifoni yenyewe. Aliutazama mfuko niliokuja nao, akasema kwamba nimevuta waya, kisha akanitupia swali hilo, na mteja mmoja akacheka. Tangu siku hiyo nimejaribu mara kadhaa kuandika uzoefu wangu wa hedifoni hii, na kila nikianza najikuta ninamjibu yule kijana.

Basi nimjibu. Shilingi 180,000 nilizitenga kidogo kidogo tangu mvua za vuli, kila mwezi baada ya kodi na ada za watoto. Chumba tunachopanga kimetenganishwa kwa ukuta mwembamba na cha jirani ambaye huamka saa tisa usiku kwenda Feri kununua samaki wa kuuza, kwa hiyo kufungulia spika baada ya saa tatu usiku ni kumdhulumu mtu usingizi wake. Muziki ninaoupenda ni taarab ya Unguja, hasa rekodi za Nadi Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, na muziki wa namna ile hauwezi kusikilizwa katikati ya kelele za mchana. Unadai usiku, na usiku kwangu unadai hedifoni. Kwa miaka mingi nilitumia vile vidude vya kuchomeka sikioni vilivyokuja na simu, na nilikuwa nimeshazoea kuamini kwamba fidla kumi hulia kama nyuki ndani ya chupa.

Nilichagua hedifoni ya kufunika sikio zima, yenye mgongo wa wazi, yaani upande wa nje una matundu na sauti hutoka kidogo. Watu wengi hapa kwetu huikwepa aina hiyo kwa sababu haizuii kelele, nami nawaelewa wanaosafiri kwa daladala, lakini kwa mtu anayesikiliza akiwa ameketi nyumbani ndiyo inayofaa. Sauti yake hupumua, haibanwi kichwani. Tena kuna joto. Hedifoni iliyofungwa, yenye mito ya ngozi bandia, hutoa jasho masikioni ndani ya nusu saa, na kwa unyevu wa Dar es Salaam ngozi ile haichukui muda kuanza kubanduka vipande vipande na kukuachia magamba meusi shingoni. Mito ya mahameli haina tabu hiyo. Rafiki yangu mmoja alinishauri ninunue Koss Porta Pro, ambazo muundo wake ulitoka mwaka 1984 na bado zinauzwa, na nilipozijaribu kwake nilizipenda, ila zilinibana juu ya masikio kwa sababu ya miwani ninayovaa. Hii niliyonunua sitaitaja jina. Ni ya kawaida, na kisa chenyewe kinahusu zaidi namna ilivyouzwa.

Usiku wa kwanza sikulala. Kanuni, kwa wasioijua, ni ala ya nyuzi ya taarab; huwa na nyuzi tatu kwa kila sauti, zinazokazwa zilingane, na mpigaji hodari huzigusa zote kwa pigo moja. Katika rekodi ninayoipenda kuliko zote kanuni imewekwa upande wa kulia na fidla upande wa kushoto, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia kwamba zile nyuzi tatu hazikulingana sawasawa, kwamba uzi mmoja ulikuwa chini kidogo sana ya wenzake, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoupa mlio ule mtetemo niliokuwa nikiupenda miaka yote bila kujua unatoka wapi. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi. Nilisikia kiti kikilia nyuma ya mpiga udi. Nilimwamsha mke wangu, naye akasikiliza huku macho yamefumba, akasema, «Baba Salma, mbona kama wapo humu ndani?»

Baada ya hapo niliboresha mengine kwa hela ndogo. Simu yangu haina tundu la hedifoni, hivyo nilinunua kile kiwaya kifupi cha kuchomeka kwenye tundu la chaji, ambacho kwa kweli ni mtambo mdogo unaogeuza muziki wa kidijiti kuwa umeme wa kusukuma hedifoni. Cha kwanza, cha shilingi 5,000, kilikuwa na mchakacho kila muziki unapotulia; cha pili, cha shilingi 30,000, hakina mchakacho kabisa. Hakikunilazimu kununua amplifaya, yaani mtambo wa kuongeza nguvu ya sauti, kwa kuwa hedifoni yangu haihitaji nguvu nyingi kuiendesha, na anayeambiwa kwamba bila amplifaya hatasikia kitu aulize kwanza ni hedifoni gani. Niligundua pia kwamba nikisikiliza kutoka kompyuta iliyo kwenye chaji panatokea mvumo, ambao hutoweka nikichomoa chaja. Huenda ni kwa sababu nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo waya wake wa ardhini haujaunganishwa popote. Lililosaidia kuliko vyote halikunigharimu hata senti. Nyimbo zangu nyingi zilikuwa nakala zilizochujuka nilizotumiwa kwa WhatsApp, nikazitafuta upya kutoka kwa jamaa aliyezinakili vizuri kutoka kwenye kaseti zake.

Kisha, baada ya kama majuma matatu, kanuni ilitoweka.

Haikukwaruza wala kukatikakatika kwanza. Ilikuwapo, halafu haipo, na fidla zikabaki peke yao upande wa kushoto kama watu walioachwa na mwenzao katikati ya mazungumzo. Nilidhani ni rekodi, nikabadilisha wimbo. Nilidhani ni kile kiwaya, nikaichomeka hedifoni kwenye redio ya jirani. Hatimaye, nikipapasa waya gizani, nilifika pale unapoingia kwenye pini ya kuchomeka, nikaukunja taratibu juu ya kidole gumba, na kanuni ikarudi. Nikaulegeza, ikaondoka. Nilikaa hivyo hadi wimbo ukaisha, kidole kikiwa kimekufa ganzi.

Hii ndiyo hedifoni niliyoambiwa kwamba nimeivuta waya. Kabla ya siku ile haikuwa imetoka nje ya nyumba tunayopanga. Watoto wamekatazwa kuigusa, na wanapokezana kuniambia nani ameikaribia. Nilipomwomba yule kijana aikunje mwenyewe waya aone, alinionyesha maandishi ya mhuri chini ya risiti yake ya mkono: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilipomkumbusha kwamba siku ya kununua niliomba risiti ya mashine ya kodi, naye akasema nikitaka hiyo bei itapanda, aligeuka na kumhudumia mtu mwingine. Nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu nzima ya kumlinda mlaji, na siamini kwamba mhuri wa duka una nguvu kuliko Bunge. Lakini hata sheria niliisahau pale. Nilichokiona ni kijana mwenye umri wa mdogo wangu wa mwisho akinipima kwa bei ya kitu nilichonunua.

Niliondoka nikiwa nimeazimia kuandika kwamba hedifoni hii ni takataka na asiinunue mtu. Hatua chache kutoka hapo, chini ya mwavuli, kuna fundi wa redio na simu ambaye nilikuwa nikimpita kila siku. Aliniitikia salamu. Aliipima waya kwa kipimaji cha umeme, akaikata karibu na pini, akanionyesha ndani: nyuzi za shaba nyembamba kama nywele za mtoto, zimepakwa rangi, upande mmoja nyekundu na mwingine kijani. «Kaka, ona hapa,» aliniambia. Rangi ile lazima ichomwe kwanza ndipo lehemu ishike, na upande mwekundu, ambao ndio wa kulia, ulikuwa bado umefunikwa na rangi yake. Lehemu ilikuwa imeuzunguka tu bila kuushika. Uliunganishwa vibaya kiwandani na ungeachia kwa vyovyote. Aliichoma rangi, akatia lehemu, akafunga pini mpya ya chuma, akatoza shilingi 7,000. Dakika kumi na tano hazikufika. Nilitamani kurudi dukani na kile kipande kilichokatwa nikiweke juu ya kioo cha yule kijana, na sijui ni nini kilichonizuia, maana miguu yangu ilikuwa tayari imeshageuka.

Sasa hukumu yangu ni ipi? Nikisikiliza, nasema inunueni, hasa wenye kipato kama changu, kwa kuwa sijawahi kupata furaha kubwa kiasi hiki kwa fedha hizo. Nikikumbuka kwamba kiwanda kilifunga pini bila hata kuchoma rangi ya waya, nasema hapana, kwa sababu si kila mtu ana fundi chini ya mwavuli. Kisha namkumbuka yule kijana, na hapo sina la kusema juu ya hedifoni tena; nasema tu kwamba duka lisilokuruhusu kuchomeka simu yako na kukunja waya wake mahali unapoingia kwenye pini, huku wimbo wenye ala pande zote mbili ukilia, lisipewe hata shilingi, na risiti ya mashine idaiwe kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Kile kipande cha waya bado ninacho, kwenye bahasha pamoja na ile risiti ya mkono. Hedifoni inafanya kazi vizuri. Usiku, kanuni inapoingia upande wa kulia, kidole gumba changu bado huenda chenyewe kuutafuta ule waya, na swali la yule kijana hunirudia, nami humjibu kwa sauti ndogo nisimwamshe jirani: nilitegemea hii.