Kompyuta ya baiskeli ya kwendea job: ununue ipi?

Kama unapiga baiskeli kwenda job, tuseme Mwenge mpaka Posta hapa Dar, njia unaijua hata umeme ukikatika, so mambo ya ramani kubwa ya rangi ni kuchoma hela tu. Unachotaka ni kilometa, muda, na kitu cha kuchomoa fasta kwenye usukani ukifika maana vibaka hawalali.

Namba moja kwangu ni vile vidogo vya GPS vya Kichina, hasa iGPSPORT BSC100S. Chaji mpaka masaa 40, mvua ya masika haiiui, unaizungusha robo inachomoka unatia mfukoni, safari inaenda kwenye simu kwa bluetooth. Ila usiwashe ukaondoka hapohapo, simama pa wazi inase setilaiti kwanza, na ukiingia kwenye maghorofa ya Posta usishangae mstari unapita juu ya jengo la watu, mawimbi yanagonga kuta ndo yanafika. Halafu zima ile setting ya saa kujisimamisha yenyewe ukisimama (auto-pause). Hiyo inakata muda wote wa foleni na taa za Morocco, unajiona una spidi kumbe bosi anahesabu dakika zote.

Namba mbili spidomita ya sumaku, mfano CatEye Velo 7. Haikuchorei njia, ila inahesabu mizunguko ya gurudumu kwa hiyo maghorofa hayaihusu, na inatumia kabetri kadogo ka kidonge. Shida watu hawaiseti saizi ya tairi. Mzunguko wa tairi ya 700x25 ni milimita 2105, ya 26x1.95 ni 2050, ukiwa na ya 26 ukaweka namba ya 700, kila kilometa 10 unaongezewa karibu mita 270 za bure lol. Huna uhakika? Piga chaki kwenye tairi na chini, panda, sogea mzunguko mmoja, pima kwa tepu.

Tatu simu na Strava, app ya kurekodi safari. Bure, ila inakula chaji, na kaa nayo mfukoni jamani, usiifunge kwenye usukani hapo Ubungo. Kwenye setting ficha mwanzo na mwisho wa safari, la sivyo unawaonyesha watu unapolala.

Mwisho Garmin Edge 540. Kifaa kizuri, sibishi, vitufe vinabonyezeka hata mkono umelowa jasho, lakini bei yake kwa kwendea ofisini hapana aisee, labda kama Jumamosi unaenda Bagamoyo na wenzio.