Peni 50 ya Kew Gardens (2009): inunuliwe, ila mizani iwe mkononi

Kwa wanaokusanya sarafu za ukumbusho za Uingereza, hii ndiyo inayoulizwa kwanza. Ilitolewa 2009, bustani ya mimea ya Kew, London, ilipotimiza miaka 250, kwa mchoro wa Christopher Le Brun: mnara wa pagoda na mmea unaoutambaa, miaka 1759 na 2009 pembeni, neno KEW chini. Zilizoingia mtaani ni 210,000 tu. Watu walizinunulia mkate bila kujua, mpaka habari za uchache wake ziliposambaa 2014, bei ikapaa. Siku hizi yenye hali nzuri huenda kati ya pauni 100 na 200 hivi.

Uchache peke yake hauelezi bei hiyo. Oktoba 2024 ilitangazwa kuwa peni 50 ya samaki samoni ya 2023 ni chache zaidi, 200,000, lakini haikuipiku Kew kwa bei. Samoni ilitoka wakati watu wako macho, wengi wakaiweka kabatini ikiwa mpya kabisa. Kew ilichakaa kwenye mifuko kwanza, ndipo ikaanza kutafutwa, kwa hiyo iliyobaki safi ni adimu kweli.

Tatizo lake kubwa ni feki, nazo ni nyingi. Halisi ina gramu 8.0 na upana wa milimita 27.3, kwa hiyo tumia mizani inayosoma 0.01. Iliyochakaa inaweza kupungua kidogo. Ikipungua nusu gramu, irudishe. Ni shaba asilimia 75 na nikeli 25, sumaku haiinasi kabisa. Ishike kwa kingo, pagoda ikiwa wima, kisha igeuze kama ukurasa wa kitabu: kichwa cha Malkia Elizabeth II nacho kiwe wima. Kwenye feki nyingine kichwa hicho hukaa upande. Mwisho chukua lenzi ya mara kumi, uangalie mistari ya ghorofa za mnara na herufi za KEW. Zikiwa zimevimba au zina vipele, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa kwa mashine. Jaribio moja halitoshi, maana feki nzuri hupita mizani.

Mtego mwingine ni toleo la 2019. Lilirudiwa ndani ya seti za wakusanyaji, na upande wa pagoda bado unasomeka 2009! Geuza: likiwa na 2019 upande wa Malkia, si lile la mtaani. Ni sarafu halali, ila usililipie bei ya la kwanza. Muuzaji anayepiga picha upande mmoja tu aombwe wa pili kabla ya senti kutoka.

Bei za eBay, soko la mtandaoni, zisikutishe. Chuja zilizokwisha kuuzwa. Zinazosubiri mnunuzi ni matamanio ya wauzaji.

Ukishaipata, usiisugue. Siki, dawa ya meno au brashi huondoa mng'ao wa kiwandani, na mnunuzi anayejua ataona mikwaruzo mara moja na kukata bei. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa utelezi wa kijani unaokula uso wa sarafu. Kapsuli ngumu (kikasha cha kuhifadhia sarafu moja) ya saizi yake ni bei rahisi. Utelezi ukishaanza, ichovye kwenye asetoni safi (ile ya kusafishia kucha ina manukato na mafuta), dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, halafu iache ikauke yenyewe bila kuifuta.