Hedseti ya abiria: uzoefu wangu baada ya kuikataa ile ya akiba

Marubani wengi wa ndege ndogo ninaowajua wana hedseti mbili (vile vipokea sauti vya kichwani vyenye maikrofoni): yao, na ya "mgeni". Ya kwanza hufutwa vumbi na kuwekwa kwenye mfuko wake. Ya pili hutupwa nyuma ya kiti, waya umejisokota, mito ya masikio imekauka hadi inapukutika. Mimi ni mgeni wa kudumu. Rubani ni mume wangu, na kwa karibu miaka mitatu nilikaa kiti cha kulia cha Cessna 172 nikiwa na kile kikongwe kichwani. Kila tukitua kichwa kinanigonga, na masikio yanavuma mpaka naingia kitandani. Nikadhani ndivyo kuruka kulivyo.

Yeye aliamini kwamba anayeongea na waongoza ndege ndiye anayestahili kifaa kizuri. Nilikubali kwa muda mrefu, halafu nikaanza kuona kinyume chake. Rubani ana usukani, dira, redio na mawingu ya kufikiria, kelele anaisahau. Abiria hana kazi nyingine ila kuisikiliza. Tena rubani akichoka anajua kwa nini amechoka, ila abiria anasema tu, "Mimi ndege hizi sizipendi," na hapandi tena.

Kelele yenyewe si ya mzaha. Ndani ya ndege ya injini moja ya pistoni ni kawaida kukuta desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90 au zaidi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Piga hesabu: ukifika 94 umebakiwa na saa moja. Safari zetu nyingi ni za saa mbili.

Kwa hiyo nikasema nanunua yangu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba "kupunguza kelele" kuna maana mbili. Kuna hedseti zinazoziba tu: makopo mazito ya kufunika masikio, mito minene, na utepe unaobana kichwa. David Clark H10-13.4, ile ya kijani ambayo huenda umeiona kwenye picha za marubani, ni ya aina hiyo, na kiwango chake cha kupunguza kelele kilichotangazwa ni desibeli 23. Haitaki betri na inadumu miaka mingi. Lakini aina hii yote hufanya kazi kwa kubana, na inazuia vizuri zaidi sauti nyembamba. Ule mngurumo mzito wa injini na pangaboi, unaousikia hadi kwenye meno, ndio unaopenya kirahisi.

Aina ya pili ina maikrofoni ndogo ndani ya kopo. Inasikiliza mngurumo ulioingia, kisha spika inatoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yanauana. Bose ilianza kuuza za marubani mwaka 1989. Kwa kuwa mngurumo unapunguzwa kwa umeme, utepe hauhitaji kukukamata kama koleo, na kwangu hilo lilikuwa na uzito sawa na ukimya wenyewe.

Nilijaribu tatu, zote ndani ya ndege injini ikiwaka. Usikubali kujaribu mezani. Mezani kila hedseti ni nzuri kwa dakika tano. Maumivu ya utosini huanza baada ya nusu saa. Vaa na miwani yako ya jua pia, maana vijiti vinene vya miwani huinua mto kidogo tu na mngurumo unaingia kwa nafasi hiyo. Nilibadilisha miwani ikawa ya vijiti vyembamba, hereni kubwa nikaziacha nyumbani, na nikagundua kwamba nywele zilizofungwa fundo juu haziwezi kukaa na utepe wowote duniani.

Hedseti moja ya kuazima nusura niirudishe nikisema ni mbovu: sikio la kushoto linasikia, la kulia kimya. Kumbe ina swichi ndogo ya mono (sauti moja kwa masikio yote) na stirio (kila sikio na sauti yake), na ndege yetu ni ya mono. Tuligombana dakika kumi kwa swichi isiyozidi punje ya mchele. Angalieni pia plagi. Ndege nyingi ndogo hutumia plagi mbili, nene ya kusikilizia na nyembamba kidogo ya maikrofoni. Helikopta nyingi hutumia moja tu. Ukikosea utahitaji adapta.

Mwishoni nilichukua Bose A20 iliyotumika. Modeli hiyo ilitoka mwaka 2010 na kampuni ikaleta A30 mwaka 2023, kwa hiyo za mkono wa pili zinapatikana bila kufilisika. Ina uzito wa gramu 340 hivi na inatumia betri mbili za AA. Mara ya kwanza nilipobonyeza swichi angani nilimgeukia mume wangu nikidhani injini imezimika. Haikuwa imezimika, bado naisikia, ila imehamia chumba cha pili. Na jambo ambalo sikulitarajia: nilipunguza sauti ya intakomu, ule mtambo wa kuongea sisi kwa sisi ndani ya ndege, karibu nusu, kwa sababu maneno hayashindani tena na chochote.

Betri zikiisha hedseti inabaki inasikika na inazungumza, ila mngurumo unarudi wote kwa mpigo, na ukishazoea raha hiyo ni kama kumwagiwa maji. Mimi hubeba mbili za akiba kwenye mfuko wa miwani. Maikrofoni nayo iweke karibu kabisa na pembe ya mdomo, upana wa kidole tu. Ukiiweka mbali intakomu, ambayo hufunguliwa na sauti yako, haitafunguka, nawe utaanza kupiga kelele bure.

Je, kila abiria anunuliwe ya namna hii? Kwa mgeni wa mara moja kwa mwaka, hapana. Ya kuziba iliyo nzima inatosha. Viti vya nyuma bado tuna zile kongwe. Mama mkwe anapanda nasi mwezi ujao, basi juzi tumezivua mito iliyokauka tukatia mipya ya jeli, na utosini sponji nene. Nilikaa na moja kichwani sebuleni saa nzima nikimenya viazi, kuona kama itauma.