Umeme Ukikatika Katikati ya Mchongo: Ununue Kidhibiti Gani cha CNC?

Mwezi Machi niliharibu ubao wa mninga ambao bado unaniuma. Ilikuwa paneli ya chini ya mlango, maua matatu ya mduara na mnyororo pembeni, kazi ya mteja wa huku huku Bagamoyo. Mashine yangu ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, ya 6040 (meza ya sentimita 60 kwa 40) ilikuwa imefika ua la pili, umeme ukakatika. Spindo, ile mota inayozungusha biti ya kuchongea, ikanyamaza, na mota za kusogeza mashine zikanyamaza. Lakini laptop ina betri, na bodi ya Arduino yenye GRBL (kidhibiti, yaani programu inayoziamuru mota zisogee) inakula umeme wa laptop kupitia waya wa USB. Kwenye kioo alama ya biti ikaendelea kutembea juu ya maua kama vile hakuna kilichotokea. GRBL haijui kama mota zina umeme. Inatuma mapigo ya umeme ya kusogeza mota na kuyahesabu, basi.

Dakika mbili baadaye umeme ukarudi. Mota zikaamka palepale zilipolala na kuanza kufuata amri za ua la tatu zikiwa bado juu ya ua la pili. Spindo haikuwaka, maana inverter yake, kifaa kinachoilisha umeme, husubiri ibonyezwe upya. Biti ya milimita 3 ikaburuzwa ndani ya mninga ikiwa haizunguki. Nilisikia "tak!" nikiwa mlangoni.

Tangu niisimulie habari hii, wasomaji wanne wameniandikia, wawili kati yao wako Tanga, na kisa ni kilekile. Kwa hiyo hapa sitagusa kasi, wala idadi ya mihimili (njia za mwendo: X, Y na Z ya juu-chini), wala uzuri wa kioo. Hayo muuzaji atakuimbia mwenyewe. Mimi nauliza moja tu: umeme ukikatika katikati ya kazi kidhibiti kinafanya nini, na ukirudi kinajua kilipoishia?

Kabla ya kuendelea, kuhusu UPS, ile betri ya akiba. Utaambiwa ununue ile ndogo ya ofisini. Haiwezi kubeba spindo ya kilowati 1.5. Ukiifunga kwenye mota peke yake umejitafutia balaa zaidi: spindo inasimama, mihimili inaendelea kutembea, biti inavunjika hata kabla umeme haujarudi.

Namba moja: RichAuto A11

Naipenda na sifichi. Ni rimoti ya mkononi yenye kioo kidogo na vitufe. Wenye mashine kubwa za 1325 (meza ya mita 1.3 kwa 2.5) wanaiita DSP. Kompyuta haihitajiki, faili unalileta kwa flashi. Umeme ukikatika inazima pamoja na mota, haibaki ikihesabu hewa, na inahifadhi mahali kazi ilipofikia. Umeme ukirudi unaipeleka mashine nyumbani, kila mhimili unagusa swichi yake, kisha unaendelea na mchongo. Tangu niifunge umeme umenikatikia nikiwa kazini mara tano, na mara zote tano nimemaliza ubao uleule.

Sharti lake ni swichi za mwisho wa mihimili. Mashine nyingi ndogo zinauzwa bila swichi hizo, na bila hizo kumbukumbu ya kidhibiti chochote haina maana, kwa sababu hakina pa kuanzia kuhesabu. Funga senza za kuhisi chuma zilizozibwa. Swichi za wazi za bei rahisi, kwa upepo wetu huu wa chumvi, zangu zilishika kutu kabla ya miezi sita.

Upande wa mipangilio, kazi kubwa ni kujaza idadi ya mapigo kwa milimita. Mota ya kawaida ya stepa ina hatua 200 kwa mzunguko. Dereva (kifaa kinachoilisha mota mapigo) ikigawa kila hatua mara 8, unapata 1600. Skrubu ya 1605 inasogeza milimita 5 kwa mzunguko, kwa hiyo 1600 gawanya kwa 5 ni 320. Mashine yangu ililetwa imeandikwa 400, hesabu ya skrubu ya 1204 inayosogeza milimita 4. Duara nililotaka la milimita 100 likatoka 125. Kwa macho lilikuwa duara zuri kabisa; rula ndiyo iliyoniambia. Pima kila mhimili kwa rula kabla hujagusa mbao ya mteja.

Namba mbili: GRBL, lakini ukiirekebisha

Programu ni ya bure, na kwa anayejifunza inatosha sana. Ila usiitumie ilivyokuja. Mwambie fundi umeme akufungie relei ambayo koili yake inakula umeme wa ukutani, na mguso wake (ule unaojifunga relei ikiachia) uende kwenye pini ya A0 na ardhi (GND) ya Arduino. Umeme ukikatika, relei inaachia, GRBL inajizima na kupiga kengele badala ya kuendelea na safari ya uongo. Andika mstari wa faili ilipofikia.

Halafu kwenye mipangilio ya GRBL weka $22=1 ili mashine iweze kwenda nyumbani, na $1=255 ili mota zisilegee zikisimama. Sifuri ya kazi, yaani mahali mchongo unapoanzia kuhesabiwa, iweke kwa amri ya G10 L20 P1, siyo G92. Ya kwanza inaandikwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya bodi. Ya pili inapotea bodi ikizimwa. Baadhi ya programu za kutuma faili zina kitufe cha sifuri kinachotuma G92 kimyakimya, kwa hiyo soma kwenye dirisha la amri ujue chako kinatuma nini. Kama biti imevunjika, sifuri ya Z uichukue upya na hiyo mpya. Na ukianza tena, rudi nyuma mistari kadhaa, inua Z kwanza, washa spindo, ndipo uruhusu.

Namba tatu: LinuxCNC

Ni ya bure, ina mizizi kwenye kidhibiti cha EMC cha taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, na kwa uwezo inazipita zote hapa. Lakini inataka kompyuta iliyopimwa ucheleweshaji wake (inachelewa kiasi gani kutuma mapigo), na karakana yenye vumbi la mninga si mahali pa kompyuta hiyo. Kama una chumba safi, ipandishe iwe ya pili.

Namba nne: Mach3

Leseni halali ni dola 175. Ya majaribio inasoma mistari 500 tu, na ua moja la mlango lina maelfu. Ndiyo maana mashine nyingi zinakuja na sidii yenye nakala ya wizi, na muuzaji anakuhesabia hiyo kama "programu bure". Umeme ukikatika kompyuta inazima na wewe unabaki kukisia mstari.

Bodi za bei chee za 3018 (mashine ndogo za meza ya sentimita 30 kwa 18): za kuchonga vibao vya funguo, basi.

Sasa wauzaji. Unaona picha, chini pameandikwa "bei inbox". Unaandika, unaulizwa uko wapi, ukisema Bagamoyo bei inapanda. Nilimuuliza mmoja skrubu inasogeza milimita ngapi kwa mzunguko. Akanijibu "ni plug and play dada". Mtu anauza kitu cha mamilioni na hajui namba moja ambayo bila hiyo mashine haipimi kitu.

Ukienda dukani, beba kipande cha msonobari na faili lako kwenye flashi. Mchongo ukifika katikati, omba swichi kuu izimwe, hesabu dakika mbili, iwashwe, kisha amalizie kazi ileile mbele yako. Niliwaomba hivyo wauzaji watatu. Wawili walikataa. Wa tatu alizima mwenyewe kabla sijamaliza kusema, na A11 yangu nilinunua kwake.